Damu ya Kulinganishia

Levina alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mkali, na watu wa Kibaoni walivijua vyote viwili. Mkono wake ulimtoa mtoto damu kabla mtoto hajajua sindano imeingilia upande gani. Mdomo nao ulianza kazi pale pale: umekula nini, umelala wapi, umemeza kidonge cha nani. Hilo la vidonge ndilo lililomkera kuliko yote. Bonde zima la Kilombero, kwa maneno yake, lilikuwa likiazimana dawa kama watu wanavyoazimana chumvi. Jirani kapona homa, vidonge vichache vimebaki, anavifunga kwenye kikaratasi na kumpelekea shemeji. Levina akigundua jambo kama hilo alimsema mtu mpaka foleni nzima isikie, na hakumwachia aende kabla ya kumpa methali yake: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alizaliwa upande wa Mahenge, katika nyumba ya Wapogoro waliosali Jumapili na kulima siku nyingine zote. Angali mdogo familia ilishuka bondeni kufuata mpunga. Mama yake alianguka shambani wakati wa palizi, upande mmoja wa mwili ukalala, na mavuno hayakumkuta hai. Presha, walisema watu wa hospitali, na hakuna aliyewahi kumpima. Levina wakati huo alikuwa sekondari. Ukimuuliza kilichomfanya asomee maabara, habari ya mama yake hakuigusa. Alisema tu kwamba masista walikuwa wakitafuta wasichana wasiozimia wakiona damu, naye hakuwa wa kuzimia.

Basi akasoma, akaajiriwa katika hospitali moja ya Ifakara, akaolewa, akafiwa na mume, akasomesha watoto, na miaka yote hiyo akabaki kwenye chumba kile kile kirefu nyuma ya wodi za wanawake. Wakuu wa maabara walikuja na kuondoka. Wa sasa aliitwa Ignas, mtu mpole aliyetokea Masagati, mpole kiasi cha kuiambia pole mashine ikikwama. Yeye na Levina walielewana vizuri kwa sababu Ignas hakupenda kugombana na Levina hakupenda kupingwa.

Katika kazi zote za chumba kile, moja ilikuwa ya Levina hasa. Haikuwa kazi ya kila siku. Mwili wa mtu hutengeneza kingamwili, na hizo ndizo askari wake dhidi ya maradhi. Hutokea askari hao wakakosea nyumba: wakazivamia chembe nyekundu za damu ya mwenyewe na kunata juu yake, na chembe iliyonatwa hivyo huvunjwa kabla ya siku zake kufika. Mtu huishiwa damu bila kumwaga hata tone, macho yakageuka manjano, pumzi ikawa ya kutafuta. Kingamwili hizo hazionekani hata kwa hadubini. Kwa hiyo chembe huoshwa kwa maji ya chumvi, tena na tena, kisha hudondoshewa dawa ya kijani ambayo kazi yake ni kuzishika kingamwili zilizonata na kuziunganisha. Chembe zisizo na kitu hubaki huru, ukiutikisa mrija zinaelea. Zilizonatwa hushikana mabonge, na jinsi mabonge yalivyo makubwa na magumu ndivyo mzigo wa kingamwili ulivyo mzito.

Siri ya kipimo iko kwenye kuosha. Ukiosha kwa haraka, mabaki ya majimaji ya damu yanaimaliza nguvu dawa ya kijani na mgonjwa anaambiwa hana kitu. Levina aliosha chembe kama mama yake alivyoosha mchele wa wageni, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Ignas alizoea kusema kwamba Levina akisema hakuna, hakuna.

Lakini haitoshi kuwa na damu ya mgonjwa peke yake. Pembeni yake lazima ipite damu ya kulinganishia, damu ya mtu mwenye afya, inayooshwa maji yale yale na kutiwa dawa ile ile. Ya mgonjwa ikishikana na ya mwenye afya ikabaki huru, jibu unalitoa. Zote mbili zikishikana, kuna kitu kimeharibika, na jibu hulitoi. Kuna maabara ambazo huiagiza damu hiyo kutoka mbali. Pale ilitoka kwenye kidole cha Levina. Hakuna aliyekaa kikao na kuamua hivyo. Siku moja ya zamani damu ya kulinganishia ilikosekana, Levina akajitoboa kidole, damu yake ikabaki huru kabisa, na kuanzia hapo ikawa desturi. Hata mwenye afya njema hakosi kingamwili chache juu ya chembe zake, ila huwa ni chache mno dawa haizioni. Za Levina hazikuwahi kuonekana. Wenzake wakamwita Mama Damu Safi. Walilianza jina hilo kwa utani, yeye akalipokea kwa dhati.

Kichwa kilianza kumsumbua mwaka uliopita. Kwanza alisema ni jua, halafu akasema ni miwani. Mwishowe aliingia kwenye duka la dawa huko Mang'ula, alipokwenda kumwona mdogo wake Digna aliyekuwa amejifungua, akampa muuzaji mkono apimwe presha. Muuzaji aliuangalia mshale, akamwangalia Levina, akapima tena. Levina hakungoja aambiwe. Alimwona mama yake amelala upande mmoja kwenye mkeka, na akaogopa kama hajawahi kuogopa.

Digna alikuwa na presha wakati wa ujauzito. Kliniki ilimpa vidonge, alipojifungua ikamwambia aviache, na vingi vikabaki ndani. "Chukua hivi, dada," alimwambia. "Mimi vilinishusha vizuri."

Na Levina, yule yule wa kuwasema watu foleni, akavichukua. Vilipokwisha, Digna alimnunulia vingine na kumtumia kwa dereva wa basi, kwa kuwa Ifakara nzima ilimjua Levina na hakuna duka ambalo angenunua vidonge vya presha asitangazwe mpaka sokoni. Kwenda kliniki hakutaka. Kliniki wangemfungulia jalada, na Mama Damu Safi angekuwa mgonjwa wa presha kama wagonjwa wengine. Mganga hajigangi, watu husema, lakini Levina alijiganga, na alijiganga kwa mkono wa mdogo wake.

Kipimo cha kuosha chembe, wakati huo, kilikuwa kimelala. Dawa ya kijani iliisha tangu mpunga ukiwa kwenye vitalu, na chupa mpya ilifika mpunga ukishavunwa. Siku chache baadaye Kabula akaletwa.

Kabula alikuwa binti wa Kisukuma, ameolewa katika familia ya wafugaji walioweka boma lao nyuma ya mashamba ya Mchombe. Alikuwa na mtoto wa kwanza, aliyeanza tu kukaa mwenyewe bila kuanguka. Aliingia wodini akiwa anaegemea bega la mama mkwe wake, ambaye watu walimwita Mama Ngusa. Macho yalikuwa manjano na viganja vyeupe. Malaria haikuonekana. Daktari aliagiza damu ya kuongezewa, lakini kila chupa ya akiba waliyoilinganisha na damu yake ilikataa, na kumwekea mgonjwa damu inayokataa ni hatari. Daktari akataka kujua kama mwili wa Kabula unajila wenyewe.

Levina alikwenda kumtoa damu.

"Shikamoo, mama," Kabula alisema kwa sauti ya mtu anayepanda mlima.

"Marahaba. Unatumia dawa yoyote?"

Kabula alimtazama mama mkwe wake kwanza. "Hapana, mama."

"Hata za kienyeji? Hata za jirani? Mimi sipendi kufichwa. Mkinificha hapa, damu itasema yenyewe, na hapo tutagombana."

"Hatumii kitu," alisema Mama Ngusa.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliangalia dari. Levina alijaza mrija wake, akaondoka.

Aliosha, akazungusha kwenye mashine, akamwaga, akaosha tena. Alidondosha dawa ya kijani kwenye mirija miwili, wa Kabula na wa kidole chake. Wa Kabula aliutikisa kidogo tu: bonge moja zito lilinyanyuka zima kutoka chini na likakataa kuvunjika. Alilitegemea hilo. Kisha akautikisa wa kwake, akaona mabonge. Yalikuwa madogo, ila mtu wa kazi ile hawezi kuyaita kitu kingine.

Akarudia tangu mwanzo. Yakaja yale yale.

Ignas aliinua mirija kwenye mwanga wa dirisha. "Chupa hii imeharibika njiani," alisema kwa huzuni. "Boksi la barafu halikukaa vizuri, au mtu aliifungua. Ya kwako haiwezi kushikana. Tufute jibu, niwapigie Morogoro watuletee nyingine."

"Lini?"

"Wakiwahi sana, wiki ijayo. Nitamwambia daktari asitutegemee."

Levina alijua kwamba dawa ile ikipata joto hulegea, haizidi nguvu. Kwa desturi angelisema jambo hilo kabla Ignas hajamaliza sentensi. Safari hii alisema, "Sawa," na Ignas akashangaa kidogo kukubaliwa haraka hivyo, akaenda kupiga simu.

Alipobaki peke yake alifungua jokofu, akachukua damu kidogo ya wachangiaji wawili, watu wenye afya wasiojuana, akaziosha na kuzidondoshea dawa kutoka chupa ile ile. Zilibaki huru, zikaelea. Chupa ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni kidole.

Alikaa kwenye kigoda, akajihoji kama alivyowahoji wengine. Anaumwa? Hapana. Damu yake ilikuwa nyingi, macho meupe, alipanda baiskeli kuja kazini. Kingamwili zilikuwa zimenata na hazijavunja kitu. Sasa ni nini alichokuwa hakitumii zamani na sasa anakitumia? Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa ndani ya mkoba wake, kwenye mfuko wa pembeni. Aliwahi kusoma chuoni kwamba metildopa, ile dawa ya presha wanayopewa sana wajawazito, huzifanya chembe za mtu mmoja mmoja zivae kingamwili. Wengi wao hawadhuriki. Kwa wachache sana, mwili huanza kuzivunja kweli.

Wajawazito, alirudia. Akamkumbuka yule mtoto aliyeanza kukaa, na jinsi Kabula alivyomtazama mama mkwe wake kabla ya kujibu.

Kama ni hivyo, kila asubuhi Kabula alikuwa akimeza kitu kinachomuua, hapo hapo wodini, na wiki ijayo ilikuwa mbali mno.

Levina alirudi wodini kwa hatua ndefu. Kwa kumtendea haki, alijaribu kwanza njia isiyomgharimu. Alisimama miguuni pa kitanda na kuuliza tena, kwa sauti ile ile aliyoizoea. "Ulipokuwa mjamzito ulipewa vidonge vya presha?"

"Nilipewa," Kabula alisema.

"Uliviacha?"

"Niliviacha."

"Una hakika?"

"Ameviacha," alisema Mama Ngusa, akakivuta kikapu chake chini ya kitanda kwa kisigino.

Levina alikiona kisigino. Alifungua mdomo kuanza kusema, na maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa kama yalivyopangwa siku zote. Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke wa Kibaoni ambaye Levina alimwaibisha mwaka juzi kwa ajili ya vidonge vya mume wake. Mwanamke yule alikuwa amejifunika khanga mpaka kidevuni, anasubiri kusikia. Kabula naye alikuwa amefumba macho, kama mtoto anayengoja kofi. Levina aliuona uso ule, na akaelewa kwamba hata akifoka mpaka jioni atajibiwa hapana. Ni yeye mwenyewe aliyewafundisha kumjibu hivyo.

Akatoka. Aliporudi alikuwa na mkoba wake. Hakusimama miguuni safari hii, aliketi pembeni ya kitanda, karibu na kichwa, akatoa pakiti ya vidonge vya njano ambayo nusu yake ilikuwa imeshatobolewa, akaiweka juu ya shuka.

"Hivi ni vyangu," alisema. "Vya mdogo wangu, yeye alipewa na kliniki, mimi nikavichukua. Namaliza mwaka navimeza na hakuna mtu anayejua. Leo nimepima damu yangu na yako. Zimefanana. Yangu bado haijanidhuru, ya kwako inakudhuru. Sikugombezi, mwanangu. Naomba tu uniambie."

Kwenye kitanda cha pili khanga ilishuka kutoka kidevuni.

Kabula alifumbua macho, akaiangalia pakiti kwa muda. "Mama," alimwambia mama mkwe wake, "mwonyeshe."

Mama Ngusa alikivuta kikapu. Chini ya nguo za mtoto alitoa vidonge vya njano, vile vile, vimefungwa kwenye kipande cha khanga. "Tulinunua dukani, mayo," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, bila kuinua macho. "Akiviacha kichwa kinamuuma. Tulipofika hapa walituonya pale getini: yule wa damu asivione."

"Walikuonyeni vizuri," Levina alisema. Alivipokea, akavifunga tena kwenye kipande kile. "Asimeze tena hata kimoja."

Alikwenda kwa Ignas akiwa na vidonge mikono miwili, vya kwake kushoto na vya Kabula kulia, akaviweka juu ya meza karibu na chupa ya kijani.

"Usiwasumbue Morogoro," alisema. "Chupa ni nzima. Kilichoharibika ni mimi."

Ignas alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Levina alipomaliza, Ignas alijitoboa kidole chake mwenyewe, kwa woga wa kuchekesha, maana alikuwa mmoja wa wale wanaotoa damu za watu na kuogopa ya kwao. Levina aliiosha. Ikabaki huru. Jibu la Kabula likaenda kwa daktari kabla jua halijafika kwenye miembe ya geti, likiwa na sababu yake.

Vidonge vilisimamishwa, akabadilishiwa dawa ya presha, akapewa na nyingine ya kuwatuliza askari waliokosea nyumba. Damu iliyoelekea kumfaa aliwekewa polepole, Ignas amekaa pembeni yake kama anayechunga maziwa jikoni. Hakupona kwa siku moja. Alikuwa na siku mbaya ambazo Mama Ngusa alimbeba mtoto nje asimwone mama yake akihangaika. Kisha pumzi ikatulia, viganja vikapata rangi, na siku aliyoruhusiwa alitembea mpaka kwenye bajaji kwa miguu yake. Aliporudi kwa uchunguzi, Levina alimpima tena. Chembe bado zilishikana, ingawa mwenyewe alikuwa amenenepa na kumbeba mtoto mgongoni. Kingamwili huchelewa kuondoka, Levina alimweleza, na kunata si lazima kuue. Kabula alimuuliza kama na zake bado zimeshikana. Levina akamwambia ndiyo, bado.

Kidole cha kulinganishia sasa ni cha Ignas. Jina la Mama Damu Safi lilififia lenyewe, hakuna aliyelifuta. Levina anasema halimuumi, na anasema uongo: linamuuma kila Ignas anapofunga macho na kunyoosha kidole.

Kliniki ya presha alichelewa kuiendea. Alikuwa na sababu nyingi, na Ignas, kwa upole wake, alizisikiliza zote, kisha akamwambia, "Dada Levina, ile methali yako inaishaje?" Kesho yake akaenda.

Benchi lilijaa watu wa Kibaoni. Aliwajua karibu wote kwa majina na kwa makosa yao. Yule wa kitanda cha pili alikuwepo, ameshapona. Alisogea kidogo, akampa nafasi. Levina akaketi, akasogea kila foleni iliposogea, mpaka akafika kwenye meza ya muuguzi, binti ambaye mama yake alisoma na Levina.

"Shikamoo, mama. Unatumia dawa yoyote?" binti aliuliza huku akitafuta kalamu.

Nyuma yake benchi zima lilikuwa limetulia. Levina angeweza kunong'ona, binti angesikia.

"Ninatumia," alisema kwa sauti ile ile iliyozoea kuwafokea. "Nilikuwa nameza za mdogo wangu."